Gari Lililoegeshwa Mteremkoni

Ukitaka kumjua mtu mwenye betri mbovu hapa Kolwezi, usiangalie gari lake. Angalia mahali alipoliegesha. Mji wetu umelala juu ya tambarare, mteremko ni kitu cha kutafuta, na mwenye betri mbovu anaijua miteremko yote kama mchungaji anavyojua visima. Anaegesha pua ya gari ikielekea chini, anaweka jiwe mbele ya gurudumu, na akitaka kuondoka anatoa jiwe, anaingiza gea ya pili na kuliachia gari lijiwashe lenyewe. Tata Kapend, tata kwetu ni baba au mzee, alikuwa bingwa wa mambo hayo. Alihama kanisa moja la mtaa wa Manika akahamia jingine, na mkewe alitueleza sababu bila aibu: lile la kwanza lilijengwa mahali tambarare.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya umeme wa magari. Mimi nimeiacha. Mgongo ulinikataza kuinama juu ya injini kabla umri haujanikataza, na sasa nakaa mlangoni kwangu nikisikiliza magari yanavyowaka asubuhi. Naweza bado kuwaambia lipi halitawaka kesho. Sikusoma shule ya ufundi. Nilijifunza kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokiokota kwa muuza karanga sokoni Manika, na kwa mtu mmoja aitwaye Tata Kabeya. Kitabu kile kiliishia kwenye dinamo. Kurasa za altaneta zilikuwa zimeshafungia watu karanga. Kwa hiyo dinamo niliisoma, altaneta nilifundishwa kwa mkono.

Nasema kwa mkono na namaanisha hivyo. Tata Kabeya alitoka katika familia ya Wakasai walioletwa huku kufanya kazi ya mgodi, na yeye mwenyewe alikulia kwenye karakana za mgodi kabla ya kufungua kibanda chake. Ovaroli yake ilipigwa pasi kila siku, hata mkunjo wa suruali ulionekana. Asubuhi, kabla ya kufungua sanduku la vyombo, alinyanyua boneti ya gari lililolala hapo na kupitisha kiganja juu ya kila kitu: betri, visanduku vya fyuzi, dinamo, viungo vya waya. Alifanya polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mgonjwa. Katika miezi ya baridi, chuma cha Kolwezi alfajiri huuma vidole, na yeye alisema hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote. Kitu kilichokesha kinafanya kazi hakiwezi kuficha joto lake.

“Mukono kwanza, chombo nyuma,” alikuwa akiniambia. Na neno lake la pili, alilolisema mara nyingi zaidi, lilikuwa hili: “Gari haidanganye. Mwenye gari njo anadanganya, na hajue kama anadanganya.”

Neno la kwanza nililishika haraka. La pili, kwamba mwenye gari ndiye anayedanganya, lilinichukua miaka, na ni gari la Tata Kapend lililonifundisha.

Lilikuwa gari aina ya 404, rangi ya krimu, la zamani kiasi kwamba vijana walisimama kupiga nalo picha. Magari ya aina hiyo yalizaliwa na dinamo. Dinamo ni mashine ya heshima lakini ni mvivu. Injini ikienda taratibu, nayo inasinzia. Ndiyo maana wengi waliitoa wakafunga altaneta, ambayo inaisukumia betri umeme hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Kuifunga ni rahisi kuliko mnavyodhani, na ndiyo sababu watu wanakosea.

Waya mnene unatoka altaneta hadi betri. Uwe mnene kweli, maana umeme wote unapita humo. Ukiweka mwembamba utausikia kwa pua kabla ya kuuona kwa macho. Waya mwembamba unatoka kwenye swichi ya ufunguo, unapita katika ile taa nyekundu ya dashibodi, kisha unaingia altaneta. Watu wanadhani taa ile ni ya kuonya tu. Kwa altaneta nyingi za zamani, taa ile ndiyo inayoiamsha. Balbu ikiungua, altaneta inazunguka siku nzima bila kujua kwamba iko kazini. Mtu mmoja aliniletea gari baada ya kubadilisha altaneta mara mbili, na tatizo lilikuwa balbu ndogo kama punje ya njugu.

Halafu kuna masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na bodi. Hapa kwetu masi ndiyo inayotuaibisha. Mtu anakuletea waya wa shaba mnene kama kidole, aliupata wapi usimuulize, anaufunga juu ya rangi na vumbi jekundu, kisha anashangaa taa zinapofifia. Shaba yote ya Lualaba haitakusaidia ikiwa imekalia rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, pakaa grisi. Na kile kisanduku cha zamani kilichokuwa kinaitawala dinamo, kitoe kabisa. Nimekuta magari yamekiacha pamoja na altaneta, vikivutana kama wapishi wawili juu ya chungu kimoja.

Ukimaliza, weka mita kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa usome volti kumi na mbili na nusu, au zaidi kidogo. Injini ikinguruma usome karibu kumi na nne. Ikipita kumi na tano, unapika betri.

Gari la Tata Kapend lilikuwa limefungwa hivyo hivyo, na vizuri. Nililifunga mimi, na lilikaa muda mrefu bila neno. Kisha, kiangazi kimoja, betri ikaanza kufa.

Tata Kapend alikuwa amestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi kwenye bwawa la umeme la Nzilo, na majirani hawakumwonea huruma. Kila walipomwona akilirudisha gari nyumbani kwa kusukuma, mmoja wao alipaza sauti kutoka barazani: “Tata, uliwashaka muji muzima, na gari yako inakushinda?” Yeye aliinua mkono kuwasalimu na kuendelea kusukuma. Alikwisha kununua betri mpya, na nayo ikafa vilevile.

Alikuja kibandani kwangu siku moja, akakaa juu ya tairi, akanieleza haja yake. Mama yake alikuwa Musumba, kule Kapanga. Mdogo wake aliyekuwa akiishi na mama alikuwa amefariki, na jicho la mama lililobaki lilikuwa linaingia ukungu. Mama alikubali kuja Kolwezi kwa sharti moja: aje kuchukuliwa na gari la mwanawe. Lori hawezi kulipanda. Pikipiki ameikataa, akisema hawezi kukalia kitu ambacho chenyewe hakiwezi kusimama. Lakini 404 lile aliwahi kulibariki kwa mkono wake, siku lilipofika kijijini jipya: alipaka udongo mweupe wa mpemba kwenye dashibodi, na alama ile ilikuwapo bado. Tata Kapend hakuruhusu mtu aifute.

“Fundi, lazima niende mbele ya mvula,” alisema. “Mvula ikianguka, ile njia inakuwa muto. Na gari ikinizimikia mu pori, nani atasukuma? Mama?”

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Miezi ya kiangazi ilikuwa inaelekea ukingoni. Asubuhi baridi ilikuwa bado inauma, lakini mchana hewa ilianza kuwa nzito. Njia ya Musumba mnaijua, au mmeisikia. Huko kijiji kinaweza kukaa mbali na kingine, na mteremko hauji pale unapouhitaji. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia aende au asiende.

Nikalifanyia kazi kama nilivyofundishwa. Aliliacha kwangu jioni, na alfajiri nikapitisha mkono. Kila kitu baridi. Nikachukua taa ya Tata Kabeya, balbu yenye waya mbili ambayo aliniachia, nikaiweka kati ya nguzo ya betri na kibano chake, sisi tunakiita kosi. Njia hiyo ni ya kale na haijazeeka: kila kitu kikiwa kimezimwa, umeme wowote unaotoroka lazima upite katika balbu, nayo itawaka hata kama ni kwa wekundu tu. Ikiwaka, unatoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka izimike, na hapo umemkamata mwizi. Balbu ile haikuwaka. Nikaweka mita badala yake, ambayo inaona hata kile ambacho balbu haioni. Ikasoma karibu na sifuri. Nikamwambia Tata Kapend gari lake ni zima.

Jumapili lilikufa kanisani. Siku ile mteremko ulikuwa umechukuliwa na msafara wa harusi, akaegesha tambarare. Lilirudi kwangu likisukumwa na kwaya, bado wamevaa kanzu zao, na walikuwa wanaimba.

Nilichomoa betri kuijaza, kisha nikapima tena. Sikuona kitu. Tata Kapend hakugombeza. Aliniangalia tu jinsi unavyomwangalia muuguzi anayekuambia mtoto hana homa, na wewe umekesha naye. Kisha akasema labda auze gari, wako vijana wa machimbo wanaolitaka kwa ajili ya harusi. Nikamuuliza, na mama?

Lililofuata lilitokea mchana, mbele ya macho yangu, na nilikuwa nimeliona mara nyingi mno kiasi cha kutoliona. Tata Kapend alifika kibandani. Akazima injini, akashuka, akafungua boneti, akatoa spana katika mfuko wa shati, akalegeza kosi la betri na kulichomoa, akairudisha spana mfukoni, akafunga boneti. Ndipo akanisalimu.

Wote tunafanya hivyo hapa, au tulikuwa tunafanya. Unachomoa betri, kutosha kosi kama tusemavyo, kwa sababu ya wezi, kwa sababu ya moto, kwa sababu baba yako alifanya hivyo. Kuacha gari kwa fundi bila kuchomoa ilikuwa kama kuingia nyumbani kwa mtu na kofia kichwani. Nilikuwa nimepokea gari lile mara zote hizo, na kila mara nililipima likiwa limeshachomolewa.

“Tata,” nikamwambia, “kanisani nako unatosha kosi?”

“Kanisani?” Akajitazama kifuani, kana kwamba alikuwa amevaa nguo za Jumapili. “Na suti?”

Nikakaa kwenye tairi. Tata Kabeya alikuwa amekwisha kufa wakati huo, lakini nilimsikia wazi. Gari halikuwa limedanganya. Nyumbani kwake, limechomolewa. Kwangu, limechomolewa. Mahali pekee lilipobaki limeunganishwa, baada ya safari, likiwa na joto, ni kanisani, kwa ajili ya suti, na sokoni, kwa ajili ya haraka, na huko ndiko lilikokufa.

Niwaeleze nilichoanza kushuku, maana kitabu changu hakikuwa nacho. Ndani ya altaneta mna vipande vidogo vinavyoitwa diodi. Kila kimoja ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme unatoka kwenda betri, haurudi. Mlango ulioharibika kabisa unavuja wakati wote, na taa ya majaribio inaukamata mara moja. Lakini uko mlango mgonjwa nusu. Ukiwa baridi, unafunga. Ukipata joto la injini, unavuja. Na umeme unaovuja unaendelea kuupasha moto, kwa hiyo unaendelea kuvuja hata injini ikipoa. Ukichomoa betri, joto linakosa chakula chake. Mlango unapoa, unafunga tena. Tata Kapend alikuwa anamponya mgonjwa kwa spana yake mlangoni kwa mganga, kisha ananiomba nitafute ugonjwa.

Nikamwomba aende na gari mpaka Nzilo na kurudi, lipate joto la kweli, kisha aliache uani kwake usiku kucha bila kuchomoa kitu. Hapo ndipo tulipogombana. Alisema betri italala kwake na itaamkia kwa mwizi. Nikasema basi hatutajua kamwe, na Musumba asiende. Mwishowe akaamua kulala ndani ya gari. Mkewe alimletea mablanketi na akasema, kwa sauti ya kutosha majirani wote wasikie: “Lala muzuri, wee na bibi yako wa pili.”

Nilifika kwa taksi-moto, pikipiki ya abiria, jua linachomoza, mikono nimeificha kwapani isije ikapoteza hisia. Umande ulikuwa umefunika vioo. Tata Kapend alishuka amejifunga blanketi kichwani kama mwanamke anayetoka hospitali. Nikanyanyua boneti. Betri, baridi. Kichwa cha injini, baridi hata nikatoa mkono. Redieta, pampu ya maji, baridi. Nikaweka kiganja juu ya altaneta.

Nikachukua mkono wa Tata Kapend, nikauweka hapo.

“Iko moto,” alisema.

“Iko na homa, Tata.”

“Usiku muzima nimelala pembeni yake,” alisema, “na mi nilikuwa nakufa na baridi.”

Mkewe alituletea chai, na nikauliza swali ambalo nilikuwa nimemuuliza mumewe mara nyingi: gari lilifanyiwa nini kabla ya shida kuanza? Tata Kapend akajibu kama siku zote, hakuna kitu. Mkewe akaweka chini birika. “Na ile porte-bagage?”

Tata Kapend akageuka kutazama paa la gari. Kichanja cha chuma cha kubebea mizigo kilikuwa hapo juu, kimepakwa rangi nyeusi, kizuri. Kilichomelewa na mpwa wake mwanzoni mwa kiangazi, kwa sababu mama wa Musumba alikuwa ametuma ujumbe kwamba haji bila kinu chake na mchi wake. Hakuwahi kunitajia kwa kuwa alidhani namuuliza mambo ya umeme tu, na kichanja si umeme.

“Siku ile ya kuchomelea,” nikamuuliza, “ulitosha kosi?”

“Hapana,” alisema. “Mwipwa wangu alikuwa anaharakisha. Nilisema, gari iko hapa nyumbani, naiona na macho, nani ataiba?”

Mtu aliyechomoa betri yake kila jioni ya maisha yake hakuichomoa siku moja iliyotakiwa. Umeme wa kuchomelea ni mkali na hauna adabu. Ukiikuta betri imeunganishwa, unaweza kupenya mpaka kwenye diodi na kuzijeruhi. Kwa hiyo liwekeni hili kichwani kabla ya mengine yote: mtu akija na mashine ya kuchomelea, kosi litoke kwanza, hata kama anachomelea kibao cha namba. Safari ya kwenda kumchukua mama ilikuwa imevunjwa na matayarisho yake yenyewe.

Nilifungua altaneta, nikapata sahani ya diodi kutoka altaneta nyingine iliyokuwa imekufa kwa ugonjwa tofauti, nikabadilisha, nikafunga. Tukarudia yote: Nzilo na kurudi, usiku kucha kosi likiwa mahali pake. Safari hii Tata Kapend alilala ndani ya nyumba. Alfajiri hakuningoja. Nilimkuta ameshanyanyua boneti, kiganja juu ya altaneta, anatabasamu peke yake kwa sababu imekuwa baridi kama jiwe la mtoni. Sijaona tena mtu aliyefurahia baridi namna ile.

Akaenda. Spana ilikuwa bado mfukoni mwake, nilimwona akiigusa.

Halafu zikaja siku za kungoja. Kule simu inashika mahali na kuachia mahali pengi. Mkewe alipita kibandani mara kadhaa, akijifanya anakwenda sokoni. Mchana mawingu yalianza kupanda upande wa kaskazini. Kila gari lililoletwa likisukumwa lilinipa kiwewe. Nilijiuliza kama sahani ile ya diodi haikuwa nayo mgonjwa nusu, na kama mwanamke mzee hakuwa ameketi kando ya njia mahali fulani, jua kali, kinu chake juu ya paa. Kazi hii inawafundisha jambo hilo pia, vijana. Ukisema gari ni zima, unalitembelea kila kilometa mpaka lirudi.

Siku hizi mji umejaa magari yanayoongea na simu. Yakiumwa, mnachomeka kifaa nayo yanawaambia jina la ugonjwa. Siwaonei wivu, na wala siwasuti. Ningekuwa na kifaa hicho ningekitumia. Lakini nayakumbuka magari yaliyonyamaza, yaliyokulazimu kuamka mapema na kuyagusa. Namkumbuka Tata Kabeya na mkunjo wa suruali yake. Na kifaa chenu nacho husoma kile kilichoachwa na mwenye gari. Muulizeni mwenye gari anafanya nini na mikono yake anaposhuka, hasa yale asiyoyahesabu kuwa kitu.

Nyumba yangu, mnaoijua mnajua, iko mahali tambarare kabisa. Tata Kapend alipokuwa akija kunisalimu, alikuwa akiegesha mbali, kwenye mteremko wa mfereji wa zamani, kisha anakuja kwa miguu. Mchana ule nilisikia 404 kabla ya kuliona. Nikangoja mlio wake uelekee mferejini. Haukuelekea. Lilikuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, jekundu kwa vumbi toka taa hadi taa, kinu juu ya paa kikiwa kimefungwa kwa kamba kama mgonjwa. Mbele alikaa mama mzee mwenye umbo dogo, kitambaa cheupe kichwani. Kwenye dashibodi mpemba ulikuwa umepakwa upya, mbichi bado.

Tata Kapend alizima injini.

Mama mzee aligeuza uso wake, akasikiliza ule ukimya. Njia nzima, nilivyoambiwa baadaye, kila injini ilipozimwa aliuliza swali lile lile.

“Imekufa?”

“Hapana, mama,” alisema mwanawe. “Inalala.”

Akashuka akazunguka kumfungulia mlango. Boneti hakuigusa, na jiwe la kuweka mbele ya gurudumu hakulitafuta. Tukaingia ndani kula.